Skola, Usikimbilie Mapokezi

Skola mwanangu,

Salamu sikupi, maana asubuhi umenisalimia mwenyewe na uji tumekunywa wote. Hali yangu unaijua, na yako naijua, hata ile unayodhani siijui. Umeenda Kizwite kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua yule hakuachii kabla hajakulisha mara mbili, kwa hiyo nina mchana mzima. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, daftari liko gotini, kuku wako wa safari anachemka. Mwandiko utauvumilia. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa nusu, nusu nyingine nilikuwa nachunga mbuzi wa babu yako.

Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Mdomo ninao, Milanzi yote ni shahidi. Ila siku hizi nikianza kuongea na wewe unaangalia miguu yako, unasema "sawa mama", halafu unatoka nje. Utaisoma hii kwenye basi, na kwenye basi huna pa kutokea.

Habari za kufua na kupika sikwambii, unazijua kunishinda. Habari za wanaume nazo naziacha, utaniona mnafiki, maana baba yako mwenyewe nilimpata kwenye harusi ya mtu mwingine, na nilikuwa nimetumwa kuosha vyombo tu. Nina neno moja. Nimesikia ukifika Arusha utaomba wakuweke mapokezi.

Usiulize nani kaniambia. Haya, ni Kabula. Ulimwambia Kabula, Kabula akamwambia mama yake, na mama yake na mimi hatujawahi kufichana kitu tangu walipohamia hapa na ng'ombe zao. Kwamba wale wa kampuni ya uwindaji wamekuita kwa sababu Bwana Piti aliwaandikia kuna msichana Sumbawanga anaijua ile programu ya risasi, na wewe utawaambia umeisahau, wakupe meza ya mbele uwe unawaambia wageni karibuni. Kukaribisha watu siyo kazi mbaya, mimi nimekula kwa kukaribisha watu. Lakini wewe mezani pale hujapapenda. Unajificha tu, na mtu anayejificha namjua, kwa sababu nimeshajificha mara nyingi, na mwili huu siyo wa kujificha.

Ngoja nianzie mbali kidogo, kuku bado mgumu.

Wewe ulikuwa shule wakati Bwana Piti anakuja mara ya kwanza. Sisi tumekua tunaimba shuleni kwamba kaburu ni adui, halafu mambo yakawa ruksa, mitumba ikaingia, mabasi ya watu binafsi yakaingia, na siku moja kaburu mwenyewe huyo hapa Milanzi, kapanga nyumba ya marehemu mzee Sikana, anabisha mlangoni kwangu anaomba chumvi. Kaptula fupi kama ya mtoto, miguu myekundu. Nikampa chumvi. Kesho yake akanipa kazi. Watu walisema nimeuza nchi kwa kijiko cha chumvi. Niliwaacha waseme, ningekuwa nje ningesema hivyo hivyo.

Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa tukashuka naye bondeni, baba yako mfuata nyayo, mimi mpishi. Nakwambia Skola, siku ya kwanza kule chini nilitaka kurudi kwa miguu. Kitu gani? Hamira. Mimi mikate nimejifunza hapa juu, na hapa juu kwetu unaweka hamira ya kutosha, unafunika kwa blanketi, unalala nayo kama mtoto mgonjwa, na asubuhi ukibahatika imeumuka kidogo. Nikafanya hivyo hivyo kule. Sijamaliza hata kukata vitunguu, unga umetoka kwenye karai, umeshuka mezani, unaelekea mlangoni. Nikachukua maharage nikayapiga moto kwa saa zile zile za Ufipa, yakawa uji. Wageni wa Bwana Piti wamekaa na vijiko vyao wanasubiri. Baba yako akapita, akachungulia karai, akaniambia taratibu, "Odilia, hapa siyo kwetu." Nikamtukana. Lakini neno lilikuwa lile tu. Unga ni ule ule, mkono ni ule ule, hamira ya duka lile lile, ila tumeshuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa, na kule chini joto linaharakisha kila kitu.

Msimu uliofuata nilijua. Nilitia hamira kidogo kama chumvi ya mboga. Sasa angalia: nilijua hivyo miaka yote, na haikunijia hata siku moja kwamba baruti nayo inaweza kuwa na tabia ya hamira. Ingenijiaje? Mimi na baruti tulikutana wapi?

Wewe ndiye uliyekutana nayo. Ulipomaliza kidato cha nne ukaenda kule ghorofani kujifunza kompyuta, na mwalimu wako akamwambia Bwana Piti kwamba una vidole vyepesi. Mvua za mwaka ule zote ulikuwa nyumbani kwake, na mimi jikoni kwake, nakuona kupitia mlango. Naipenda ile picha hadi leo. Yeye kwenye meza yake anajaza risasi, maganda matupu yamesimama mstari kama watoto wa komunyo ya kwanza, anaweka fataki ya kuwashia, anapima baruti kwenye ile mizani yake ndogo huku amebana pumzi, anakandamiza kichwa cha risasi kwa ile mashine ya mkono. Na wewe pembeni na kompyuta inayofunikwa kama biblia, unaandika anachosoma. Uzito wa kichwa, aina ya baruti na kiasi chake, urefu wa mtutu, joto. Ulinieleza mwenyewe siku ile umeme ulipokatika na ukawa huna la kufanya: mama, ukurasa wa kwanza unasema ndani ya bunduki baruti itasukuma kwa nguvu gani, na kuna mstari wa hatari ambao msukumo usiuvuke. Ukurasa wa pili unachora risasi ikishatoka, inapita wapi, inashuka wapi, inafika kwa mnyama na nguvu iliyobaki kiasi gani. Nikakuuliza kwa nini asipige tu aone. Ukacheka. Ukasema kupiga anapiga, lakini hii inakuonyesha kabla hujapiga.

Risasi zenyewe zilikuwa za namna mbili. Mkazitia alama kwa rangi ya kucha, nyekundu yako na nyeupe ya Kabula, na Kabula alisumbua mtaa mzima akitafuta chupa yake. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ile ambayo hata mbwa anatamani sweta, mkaenda kule machimbo ya mawe, Bwana Piti akapiga, wewe ukasoma kile kipimo cha mwendo. Mkarudi pua zinachuruzika, ukaweka mistari miwili kwenye kompyuta, wa nyeupe na wa nyekundu. Nyekundu ikawa inakwenda mbio zaidi, haishuki haraka, inafika na nguvu, na msukumo wake uko chini ya mstari wa hatari. Chini kidogo tu, ila chini. Bwana Piti akakuuliza kwa Kiswahili chake: "Wewe nasema ipi?" Ukasema nyekundu. Akapiga meza kwa kiganja, akasema na yeye nyekundu.

Hapo na mimi nikaharibu. Nilitoka jikoni kwake nikaenda moja kwa moja mashineni kusaga, nikawaambia walio kwenye foleni kwamba mwanangu ndiye anamchagulia mzungu risasi. Nikasema sokoni. Nikasema kanisani baada ya misa, na nadhani kidogo kabla ya misa. Mama Kabula akanitania, unajua watani wetu Wasukuma hawana huruma, "Wewe Mfipa, mtoto akichagua risasi unapiga vigelegele, akichagua mume si utalipua mji?" Nikamwambia wivu. Nilijisikia nimerefuka. Mtu ambaye hajasoma, mwanae akisoma, anatembea kama yeye ndiye aliyefanya mtihani.

Yaliyotokea mwezi wa kumi unayajua kwa sehemu, kwa sababu ulikuwa huku juu na baba yako hapendi kuyasimulia. Mimi nilikuwa kambini, na niliyasikia kwa Bwana Piti na kwa vijana waliokuwepo, kwa hiyo yasome mara moja kwa ukamilifu, halafu usiyatunge tena kichwani mwako.

Jua la mwezi wa kumi bondeni unaliona linatikisika. Boksi la risasi lilikaa mbele ya gari, chini ya kioo, tangu asubuhi. Wakamkuta nyati dume peke yake karibu na matete. Mgeni akapiga, akamjeruhi, nyati akaingia matete. Bwana Piti akachukua bunduki yake na zile nyekundu, baba yako mbele anafuata damu. Nyati akatoka ubavuni. Bwana Piti akapiga ya kwanza, ikampata, akavuta bolti, ile komeo ya bunduki, aweke ya pili, bolti haitoki. Ganda limevimba, limeng'ang'ania ndani. Akavuta, wapi. Baba yako akamvuta nyati kwake. Ndivyo wanavyosema vijana, alimpigia kelele kwa makusudi aende upande wake, maana Bwana Piti alikuwa amesimama na fimbo tu. Yule mnyama akamkumba bega akamtupa. Bwana Piti akaipiga bolti kwa kisigino cha kiatu, ikafunguka, akaweka nyingine, akampiga nyati shingoni akiwa anageuka kumrudia baba yako. Mnyama akaanguka pale pale, karibu kabisa na miguu ya baba yako.

Tulimpandisha kwenye gari, bega limevunjika, mkono umevunjika, na njia nzima ya kupanda mlima alikuwa ananiuliza kama nimezima moto jikoni.

Hospitalini Bwana Piti alikaa kwenye benchi na mimi usiku na mchana. Alilia, Skola. Wewe hukumuona, mimi nimemuona. Alisema kosa ni lake, yeye ndiye mwindaji, yeye ndiye aliyetakiwa kukwambia ile nafasi ya kuandika joto kwenye kompyuta uibadilishe. Mlipima nyekundu kwenye baridi ya Milanzi, joto likabaki limeandikwa la Milanzi, na kule chini kwenye jua baruti ile ile ikasukuma kama hamira yangu. Na aliposema hivyo ndipo karai langu likanijia, lile la unga unaoelekea mlangoni. Nikacheka hospitalini, watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Wewe hukucheka. Wewe ulienda nyumbani kwake peke yako, ukafungua kompyuta, ukaandika joto la bondeni la mwezi wa kumi, ukaangalia. Halafu ukaja pale wodini, baba yako amelala, ukaniambia kwa sauti ambayo sijaisikia tena:

"Ilikuwa inajua, mama. Msukumo umevuka mstari. Ilikuwa inajua tangu mwezi wa sita, mimi sikuiuliza."

Mimi, mwenye mdomo huu, siku ile neno lilinikosa. Nimelitafuta tangu siku ile na ndiyo maana kuku anaungua.

Halafu maneno yangu yakanirudia. Wale wale niliowaambia mwanangu anachagua risasi, wakawa nao wameshika mkia wa habari. Nikienda mashineni wananyamaza. Ulipotumwa wewe, mmoja akakuambia, "Shikamoo fundi wa risasi, baba hajambo?" Ulirudi na mahindi hayajasagwa. Nilienda pale nikamwambia yule mama mambo ambayo siyaandiki kwenye barua ya mtoto, na Mama Kabula akanishikia kanga isianguke nikiwa naendelea. Lakini nikirudi njiani Mama Kabula akaniambia, bila utani safari hii, "Dada, hao wamechota kwenye debe lako." Ni kweli. Kama nisingepiga tarumbeta mwezi wa sita, mwezi wa kumi wangesema kaburu kakosea risasi, basi. Jina lako nililipeleka mimi sokoni. Tangu hapo nimepunguza. Usicheke. Nimepunguza, muulize baba yako, anasema nyumba imekuwa na mwangwi.

Sasa mwanangu, mimi sina elimu ya kukufundisha kitu juu ya kompyuta. Nina hamira tu. Lakini najua siku ile unga ulipotoka kwenye karai nilitaka kuacha kazi. Nilishafunga kitenge changu. Nilisema mimi siyo mpishi, ni muongo, nimewadanganya watu na mikate ya baridi. Na kama baba yako angenibembeleza ningeondoka kweli, lakini yeye alileta ndoo ya maji akaanza kukwangua meza, hasemi kitu, nikaona aibu kumuacha anakwangua peke yake. Tukatengeneza chapati. Wageni wakala. Baadaye ndiyo nikajua kwamba mpishi wa bondeni mzuri ni yule ambaye unga umeshamtoka kwenye karai, kwa sababu huyo kila akishuka mlima anasimama kwanza, anasikia joto shingoni, ndipo anafungua kopo la hamira. Ambaye hajawahi kuaibika anatia kijiko kizima huku anapiga mluzi.

Wakikuweka wewe mapokezi, kwenye ile kompyuta atakaa mtu mwingine. Labda kijana hodari, cheti kizuri, vidole vyepesi kama vyako. Arusha nasikia nako kuna baridi. Atapima asubuhi, ataona mstari uko chini ya hatari, atasema hii hapa. Na atakuwa hajakosea kitu. Kama wewe ulivyokuwa hujakosea. Wewe ndiye peke yako pale ambaye mkono utasita kwenye ile nafasi ya joto. Hutaweza kuipita tena maisha yako yote hata ukitaka, na najua inakuuma, najua unaiona usiku. Kwangu mimi huo ndio utaalamu, na umelipiwa na bega la baba yako, kwa hiyo siyo wa kutupa.

Sisemi usiogope. Ogopa. Mimi bado naogopa hamira.

Na kuna hili ambalo baba yako amenikataza kukwambia, na unajua makatazo kwangu yanavyodumu. Mwezi wa saba anashuka tena. Nimegombana naye wiki nzima, nimemnunia, nimempikia mlenda bila chumvi, hasikii. Mkono haupandi juu ya sikio lakini anasema nyayo hazifuatwi kwa mkono. Bwana Piti amemkubali. Na risasi za Bwana Piti safari hii hazijazwi hapa Milanzi, kampuni yake imekataa tangu ajali ile. Zinajazwa na kupimwa huko huko Arusha, za kambi zote, kwenye chumba hicho unachotaka kukikimbia, zinaletwa na gari zikiwa tayari kwenye maboksi.

Jana ulipokuwa unakunja nguo, nilimwambia habari za mapokezi. Alikuwa anajinyoa kwa mkono wa kushoto, anajikata kata. Akaendelea mpaka akamaliza. Nikadhani hajanisikia. Kisha akafuta wembe, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu:

"Skola akikaa mapokezi, zangu atapima nani?"

Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe. Basi ndiyo nakuuliza, na jibu usinipe mimi, maana nitalipeleka sokoni. Mwandikie yeye.

Mama yako anayekupenda hata ukisema sawa mama,
Odilia